Walenisi Kwenye Rafu Gani? Bunilizi ya Kisayansi na Uhakiki wa Riwaya ya Kiswahili

Vitabu vipya vya bunilizi ya kisayansi na fantasia vinapowasili katika duka la vitabu, huwa vimekwisha kuainishwa na wachapishaji wa ng'ambo: jalada lina roketi au joka, na mwuzaji anajua pa kuvipanga. Riwaya ya Kiswahili haina bahati hiyo. Walenisi ya Katama Mkangi (1995) humsafirisha mhusika wake hadi sayari nyingine, lakini aghalabu huwekwa pamoja na vitabu vya shule. Upangaji huu ungekuwa jambo dogo lau usingerudiwa na uhakiki wenyewe.

Tangu Kezilahabi achapishe Nagona (1990) na Mzingile (1991), istilahi ya "riwaya ya majaribio" imetumiwa kukusanya kazi nyingi zinazokiuka uhalisia, zikiwemo Ziraili na Zirani ya Mkufya (1999) na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001). Istilahi hiyo inaeleza kazi hizo zimeacha nini. Haielezi zimeelekea wapi. Vita vya mbinguni kwa Mkufya, mzuka wa babu kwa Mohamed na chombo cha angani kwa Mkangi ni maajabu ya aina tatu, na kila moja linamdai msomaji imani ya namna yake.

Dzombo, mhusika mkuu wa Walenisi, anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha angani ili aangamie. Anaokoka kwa kujifunza kukiendesha. Mhakiki anayeharakia istiari, kwa kuwa jina la sayari ni "wale ni sisi", hukipita chombo hicho kana kwamba ni ungo wa mchawi. Hapo ndipo anapokosea. Ungo hutii uganga wa wachache. Chombo hutii akili ya yeyote anayekichunguza. Utawala umeifanya teknolojia kitanzi, na mfungwa anaigeuza kuwa njia ya kutokea. Tofauti hii isipozingatiwa, ukombozi huonekana kuwa majaliwa, ilhali mwandishi ameujenga juu ya maarifa.

Hata hivyo, isidaiwe kwamba Walenisi ni bunilizi ya kisayansi kikamilifu. Pindi Dzombo anapotua, sayansi inarudi nyuma na mijadala ya kimaadili inashika hatamu. Jamii mpya inaelezwa zaidi kuliko inavyoonyeshwa. Huu ni udhaifu, lakini hudhihirika tu kazi inapopimwa kwa vigezo vya utanzu wake. Anayeiita istiari huusamehe. Anayeiita majaribio huusifu.

Haimaanishi kwamba fasihi ya Kiswahili iazime lebo za maduka ya vitabu. Tenzi za Miraji zilikwisha kumpandisha msikilizaji mbinguni kabla ya lebo hizo kuwapo. Kinachohitajika ni uhakiki utakaotofautisha Buraki, ungo na roketi, na kuuliza kila kimoja kinamfikishaje msafiri wake. Bila hivyo, mwandishi chipukizi atakayetunga juu ya sayari nyingine ataendelea kusifiwa kwa ujasiri wake, bila kuambiwa iwapo amefaulu.