Arudhi na Kelele: Juu ya Santuri ya Duma

Katika semina moja ya fasihi simulizi liliulizwa swali ambalo lastahili jibu refu kuliko lile lililotolewa siku hiyo: kazi isiyofuata hata sheria moja ya bahari yake yahukumiwa kwa kipimo gani? Aliyeuliza hakuwa na shairi mkononi. Alikuwa na santuri iitwayo Duma, ya vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja ajiitaye Lord Spike Heart, na Sam Karugu. Ilirekodiwa Kampala mwaka 2019, ikatolewa Agosti 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya mji huohuo. Wengi katika semina walicheka, wachache walikasirika, na kipindi kikaisha kabla hoja haijaiva.

Yafaa kwanza tuondoe tatizo la majina, kwani humkwaza Mswahili kabla hajaisikia hata sauti moja. Duma kwetu ni yule mnyama mwenye mbio, na msikilizaji aliyekulia karibu na mbuga atadhani kuwa wasanii wamejisifu kwa kasi. Wenyewe wameeleza kwamba neno lao ni la Kikuyu, na maana yake ni giza. Ama jina la lebo, Mswahili hulitamka huku akitazama kando. Wenye nalo hueleza kuwa kwa Kiganda ni ile hamu ya kucheza isiyozuilika. Waziri wa maadili wa Uganda alijaribu mwaka 2018 kulizuia tamasha la jina hilo huko Jinja, na sidhani kwamba maana ya Kiganda ndiyo iliyokuwa kichwani mwake. Lugha za jirani hutegeana mitego ya namna hii, nasi tusiifanye kuwa hoja.

Sasa tuitazame bahari yenyewe. Panki ngumu, ambayo wenyewe huiita hadikoo, ilizaliwa Marekani kuelekea mwaka 1980, Los Angeles na Washington, kwa vijana walioona kwamba panki ya mwanzo imekwisha kufugwa na makampuni ya santuri. Sharti zake hazikuandikwa, lakini kila mwenye kuipenda alizijua: wimbo uwe mfupi, mara nyingi chini ya dakika 2, mwendo uwe wa kasi, pawe na gitaa, gitaa la besi na ngoma, mwimbaji apige kelele badala ya kughani, na kazi yote ifanywe kwa mkono wa wenyewe bila tajiri. Inafaa kukumbusha kwamba miongoni mwa waasisi walikuwamo Bad Brains wa Washington, watu weusi waliokuwa wakipiga jazi kabla ya kuingia panki, na ambao katika albamu yao ya mwaka 1982 waliweka rege kando ya kasi ile ya kutisha. Kwa hiyo asemaye kwamba mtu mweusi akipiga muziki huu ameazima nguo ya mwenziwe, hajui nguo ilishonwa na nani.

Yaliyofuata ni yaleyale yanayoipata kila bahari. Uasi ukawa kanuni. Waingereza Napalm Death walipotoa Scum mwaka 1987, nyimbo 28 katika santuri moja, mmoja wao wa sekunde moja tu na chembe, walikuwa wameisukuma sheria ya ufupi hadi ukingoni, na nyuma yao wakaja wafuasi waliouhesabu ukingo ule kuwa ndio njia. Mwaka 1998 kikundi cha Refused cha Uswidi kiliingiza jazi na mashine za umeme katika hadikoo, kikavunjika mwaka huohuo. Miaka michache baadaye kazi yao ikawa kiolezo cha kunakiliwa. Mwasi hafi ila ameacha mizani.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatakuwa mgeni wa jambo hili. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuwa akiandika kile ambacho malenga walikijua kwa masikio tangu karne nyingi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, na mashairi yasiyo na vina wala mizani yakaleta ugomvi uliodumu muda mrefu kuliko ulivyostahili. Upande mmoja ulisema hayo si mashairi. Upande wa pili ulisema vina ni minyororo. Naona pande zote mbili zilikosea mahali pamoja, kwani zilidhani kwamba uasi hukaa katika umbo peke yake. Mwaka mmoja kabla ya Kichomi ilikwisha kutoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, aliyoitunga gerezani kwa arudhi kamili ya kale, nayo ni kazi ya uasi kuliko nyingi zilizotupa vina. Tena Kezilahabi mwenyewe hakutupa kila kitu: alitupa urari wa silabi, akashika urari wa pumzi na wa picha. Ukimsoma kwa sauti utajua mahali pa kutua, ijapokuwa hakuna kina cha kukuambia.

Basi kipimo ninachokipendekeza ni hiki. Kazi ivunjayo sheria tuiulize imeshika sheria gani badala yake. Ikiwa haikushika yoyote, ni kelele tu. Ikiwa imeshika moja, tuitafute, kisha tuone kama imeishika kwa uaminifu.

Duma imevunja nini? Kwanza, imeondoa wapiga ngoma na mpiga besi. Karugu, ambaye zamani alipiga besi, hapa ameshika gitaa na utengenezaji, na ngoma zote ni za mashine. Hili kwa mtu wa hadikoo ni karibu na kufuru, kwa sababu jasho la mpiga ngoma lilikuwa shahada ya ukweli wa muziki huu. Pili, gitaa halipigi nyuzi za kutambulika. Limegeuzwa kuwa mvumo, wakati mwingine hulijui kuwa gitaa. Tatu, ngoma hazikimbii kwa mstari mmoja ulionyooka kama ilivyo desturi, bali hupandana, moja ikihesabu kwa namna yake na nyingine kwa namna yake, mpaka sikio hupoteza ile ya kwanza iliyokuwa ikifuata. Nne, na hili ndilo zito kwetu watu wa maneno, Khanja hasemi. Anapiga ukelele, anakoroma, ananguruma, anavuta hewa kwa sauti. Maneno yamo, lakini sikio haliyakamati. Mwenye kutafuta ujumbe kama atafutavyo katika tenzi atarudi mikono mitupu.

Wahakiki wa ng'ambo waliipokea kwa sifa, na sifa zao nyingine zahitaji kuchunguzwa kama tunavyochunguza lawama. Baadhi husema, kwa namna mbalimbali, kwamba uzuri wa Duma watokana na midundo ya asili ya Afrika. Sifa hii ni kifungo. Khanja na Karugu walitoka katika vikundi vya muziki wa metali vya Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, vikundi vilivyojifunza kazi yao kwa santuri za Ulaya na Marekani kama mtu yeyote wa rika lao mahali popote. Kumwambia msanii wa namna hiyo kwamba nguvu yake ni ya ngoma za babu ni kumrudisha kwenye zizi alilokuwa hakulitoka, kwa sababu hakuwamo. Na wale wa nyumbani wasemao kwamba muziki huu ni wa mashetani, au si wa Kiafrika, wanajenga ukuta uleule kutoka upande wa pili. Wote wawili wanajua mapema Mwafrika anapaswa kusikika vipi.

Nayasema haya nikiwa Nainokanoka, katika nyanda za juu za Ngorongoro chini ya kreta ya Olmoti, mahali ambapo neno hifadhi si la kitabuni. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro liliundwa mwaka 1959, kwa wazo kwamba watu, mifugo na wanyama wa porini waishi pamoja. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera wilayani Handeni, na mabishano juu ya kuhama huko yangalipo. Si kazi ya insha hii kuyaamua. Nayataja kwa sababu mtu wa hapa ajua vizuri nini maana ya kupendwa na wageni kwa sharti la kutobadilika. Mgeni ataka Mmasai wa picha. Akimwona na simu, huona kwamba kitu kimeharibika.

Nami niliwasikilizisha vijana wawili na mzee mmoja wa hapa nyimbo tatu za Duma kwa simu, nikitaraji wacheke kama semina ilivyocheka. Hawakucheka. Uimbaji wa Kimaasai, kama wasomi wa fasihi simulizi wajuavyo, kwa kawaida hauna ngoma. Mdundo hutoka kooni na kifuani: kundi hukoroma kwa pamoja, shingo ikienda mbele mtu atoapo pumzi na kurudi nyuma aivutapo, na juu ya mvumo huo olaranyani, yaani kiongozi wa nyimbo, hutupa beti zake. Mtu aliyelelewa katika sanaa hiyo hashangazwi na koo lifanyalo kazi ya ngoma. Kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, huyu anajua kupumua." Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na wenzake wako wapi?"

Sitaki msomaji adhani nadai kwamba Duma wameiga Wamaasai. Hapana dalili ya hilo, na ningekuwa nimerudia kosa la wale wa ng'ambo kwa nguo nyingine. Nasema tu kwamba sikio lililozoea sanaa ya pumzi liliisikia mara moja sheria ambayo sikio la semina halikuisikia. Sheria ya Duma ni pumzi. Sikiliza "Lionsblood" tena bila kutafuta maneno. Tafuta mahali mwimbaji avutapo hewa. Utaona kwamba ngoma za mashine, ambazo mwanzo zaonekana kumwagwa ovyo, zinasongamana pumzi inapotoka. Mashine haichoki, lakini mtu huchoka, na uzito wote wa kazi hii umo katika shindano hilo la koo lenye mwisho na chuma kisicho na mwisho. Mpiga ngoma wa nyama na damu angaliharibu maana, kwa sababu angalichoka pamoja na mwimbaji. Sharti la jasho lilivunjwa ili jasho la mtu mmoja lionekane zaidi.

Swali la mzee nalo ni uhakiki kamili. Katika desturi aijuayo, olaranyani bila waitikiaji si olaranyani. Ni mtu anayepiga kelele porini. Duma hawana waitikiaji. Mahali pa kiitikio pana mashine tu, nayo hairudishi wito, hurudisha kishindo. Nilipolipokea swali lile nililiona kuwa ni lawama, na huenda mzee alikusudia hivyo. Lakini jina la kikundi ni giza. Wito usioitikiwa ni picha kamili ya giza kuliko neno lolote ambalo Khanja angaliweza kulitamka waziwazi. Tena santuri hii ilitoka katika mwaka ambao majukwaa ya dunia yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya maradhi. Muziki ulioundwa kwa ajili ya watu kusukumana mbele ya jukwaa ukasikilizwa na mtu mmoja mmoja chumbani. Wasanii hawakulipanga hilo, kwa kuwa kazi ilirekodiwa kabla. Likawa tu.

Sasa kasoro, kwani sifa bila kasoro ni tangazo la biashara. Katika nyimbo zote 9 sheria ya pumzi haikushikwa sawasawa. Zipo sehemu, hasa kuelekea mwisho, ambapo mvumo wa mashine humfunika mwimbaji kabisa, na shindano nililolieleza hufa kwa kukosa mshindani mmoja. Hapo msikilizaji husikia ukubwa wa sauti tu. Kasoro ya pili ni ya majina ya nyimbo. Jina kama "Pembe 666" lina Kiswahili upande mmoja na tarakimu iliyochakaa ya muziki wa metali upande wa pili. Ile namba ya mnyama imetumiwa na vikundi vingi mno hata haimwogopeshi mtu, na kazi iliyothubutu kuvunja ngoma na gitaa haikuthubutu kuvunja kawaida hiyo ndogo. Pembe ingalitosha. Kwa watu wetu wengi pembe hupulizwa kuwaita watu, na Wamaasai hupuliza ya tandala katika sherehe ya eunoto.

Wapo watakaoniambia kwamba mfano bora wa kuvunja bahari katika nchi yetu ni X Plastaz wa Arusha, ambao mwaka 2004 walitoa Maasai Hip Hop kwa lebo ya Outhere ya München, Ujerumani, wakichanganya ghani za Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai wa mwenzao Merege. Ni kazi ninayoipenda, na ilifungua mlango. Lakini humo kila sanaa ilibaki na mipaka yake: rapa akinyamaza, Merege huingia, Merege akitoka, rapa hurudi. Ni ujirani mwema. Duma hawakuweka sanaa mbili kando kwa kando, waliichukua moja wakaila kutoka ndani. Haya ni matendo mawili tofauti, na mwanafunzi asiyapime kwa kipimo kimoja.

Mwaka 2024 Khanja alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kwa lebo yake Haekalu. Humo amealika wasanii wengi wa nchi mbalimbali, na katika nyimbo kadhaa akipiga ukelele, sauti ya mtu mwingine humjia kwa jibu. Nimeipeleka kwa yule mzee. Amesikiliza nyimbo mbili, akasema hizo sauti nyingine si za rika moja na za mwimbaji, kisha akaomba nyingine.