Muthoni alikuwa wa nani?

Nikifika mahali pageni huwa naulizwa maswali mawili kabla chai haijapoa: wewe kabila gani, na unasali wapi? Siku zote nimelichukulia la pili kama dawa ya la kwanza. Mimi ni wa Kristo, basi, habari ya kabila imekwisha. Juzi nimerudia *Njia Panda*, yaani *The River Between* ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1965), na majibu yangu yameanza kunipwaya.

Hadithi wengi mnaijua. Vilima viwili, Kameno na Makuyu, vimetazamana, mto Honia unapita katikati. Kameno wanashika mila. Makuyu ni kwa Joshua, mhubiri. Shuleni tulikisoma kama kitabu cha Ukristo dhidi ya utamaduni. Safari hii niliona jambo jingine: Joshua na hasimu wake Kabonyi wanafanana mno. Kabonyi aliwahi kuwa Mkristo, kisha akageuka kuwa nguzo ya Kiama. Alichobadilisha ni upande tu. Kwa wote wawili imani ni ukuta: inakuambia nani wetu, nani si wetu.

Katikati yao yuko Muthoni, binti ya Joshua. Anataka kuwa Mkristo na pia kuwa mwanamke kamili machoni pa watu wake, kwa hiyo anatoroka kwenda kutahiriwa. Kidonda kinamuua. Nisieleweke vibaya, tohara hiyo siitetei hata kidogo, na kitabu chenyewe hakifichi inavyoua. Ila tazama kinachofuata. Baba yake alishamfuta alipotoroka. Kifo hakimtoi hata chozi. Kameno wanakiona kifo hicho kama adhabu kwa Joshua, wamisheni wanakiona kama ushahidi wa ushenzi. Kila upande unapata hoja. Msichana hapati mwombolezaji, ukiondoa wachache kama dada yake Nyambura na Waiyaki.

Hapo ndipo nilipofunga kitabu kwa muda. Kwa sababu Muthoni, anapokata roho, anasema anamwona Yesu. Katika kijiji kizima kinachogombania dini, huyu aliyekanwa na baba yake ndiye anayemtaja Yesu kama mtu anayemjua, si kama jina la kambi. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba ndani ya Kristo mgawanyiko wa Myahudi na Myunani hauna nguvu tena. Joshua angeweza kuhubiri fungu hilo asubuhi, na jioni akamkana mwanawe.

Lawama yangu kwa Ngũgĩ ni kwamba anamuua Muthoni mapema mno. Angeishi, ingebidi atuonyeshe mtu anayejitambua kwa imani anaamkaje, anateka maji na nani, anajibu nini akisengenywa. Badala yake Waiyaki anabaki na wazo zuri, kwamba dini hiyo inahitaji kuoshwa uchafu wake, lakini halifanyii kazi. Mwisho yeye na Nyambura wanakabidhiwa kwa Kiama. Joshua naye amechorwa kwa mkaa mtupu. Laiti angepewa usiku mmoja tu wa kumlilia mwanawe.

Ngũgĩ mwenyewe, mwaka 1970, alisimama mbele ya Wapresbiteri jijini Nairobi akasema yeye si Mkristo, na baadaye akaliacha jina la James. Wapo wanaomtupa kwa hilo. Mimi naona ametuandikia onyo ambalo wahubiri wengi hawathubutu kulitoa: "Mkristo" nayo inaweza kuwa kabila, tena kabila kali.

Nikiulizwa tena ninasali wapi nitajibu, sina shida. Ila nitajichunguza kwanza: nataja ninayemwamini, au namwonyesha mwenzangu upande wa mto ninaosimama?