Samaki wa Pilipili na bomba la moshi

Kwenye picha za Pilipili Mulongoy jicho halipati pa kupumzika. Samaki, majani ya mtoni, ndege, nyoka anayenyemelea mayai. Na palipobaki wazi amepajaza vidoto na vistari vidogo mpaka karatasi yote inatetemeka. Hakuna anga juu na ardhi chini kama tulivyofundishwa shuleni. Ni pori limesogezwa karibu na pua yako. Nimeziona kitabuni na kwenye simu tu, lakini hata hapo zinakushika.

Pilipili alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, mwanajeshi wa zamani na mchoraji yeye mwenyewe, alifungua karakana ya uchoraji Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Ikaitwa Hangar. Sheria yake ilikuwa moja: msinakili Ulaya, angalieni dunia yenu. Humo Bela Sara, aliyekuwa mtumishi wake, alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga akajenga watu na wanyama kwa mistari mifupi mifupi kama mkeka. Kazi za hao watatu huwezi kuzichanganya. Kwa hiyo tusimdharau yule mzee: mwalimu ambaye wanafunzi wake hawafanani amefanya kazi.

Lakini nina swali naye. Elisabethville ulikuwa mji wa shaba, na bomba la moshi la kiwanda cha Union Minière lilikuwa refu kuliko kila kitu. Desemba 1941, miaka mitano tu kabla ya Hangar, wafanyakazi wa kampuni hiyo waligoma, askari wakawapiga risasi, watu wengi wakafa. Sasa litafute hilo bomba kwenye picha za Hangar. Mimi katika zile nilizoona sijalipata. “Dunia yenu” ya Mfaransa ilikuwa pori na mto, mgodi haukuhesabiwa. Ilibidi kungoja miaka ya 1970, ndipo Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa mtaani tu, akapaka vile vifo ndani ya picha zake kama 100 za historia ya Kongo, na kuzisimulia kwa Kiswahili chetu cha kule.

Hata hivyo, rudi umwangalie Pilipili tena. Kila kiumbe mle kinakula mwenzake ama kinakaribia kuliwa. Wengi wanasemaga ni uzuri wa asili. Mimi naona mji umepitia mlango wa nyuma. Ni usomaji wangu, anayebisha abishe.

Kwa nini nayaleta haya hapa? Nafanya kazi na vijana Nabuyonga, Mbale. Shirika likileta rangi, linakuja na kichwa cha picha tayari: safari ya mkimbizi, amani, ndoto yangu. Vijana wameshazoea. Wanachora hema, foleni ya maji, njiwa, wanamaliza haraka, wanapata soda yao. Wengine wakaja wakasema basi choreni utamaduni wenu. Tukapata ngoma na mitungi, hata kwa mtoto aliyezaliwa Uganda ambaye mtungi hajawahi kuubeba. Hilo ni agizo lile lile la Hangar, limevaa nguo nzuri zaidi.

Karatasi zikibaki, wasipoambiwa chochote, wengi wanachora Wanale. Ule mwamba juu ya mji, na maji yanayoporomoka wakati wa mvua. Dada mmoja wa miaka 14 aliujaza karatasi nzima, bila anga, na wala hajamsikia Pilipili. Chini kabisa aliweka vinyumba vyeusi, vidogo kama punje za maharage, na kijito chenye mifuko ya plastiki. Ni picha kali. Wageni walipokuja kuchagua za maonyesho walichukua ya njiwa.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, safari ijayo leteni rangi bila kichwa. Na karatasi ziwe kubwa kama inawezekana, na kahawia iongezwe, maana hiyo ndiyo inayoishaga kwanza.