Kupima Proksi ya Ramani: Mwongozo kwa Wanaohudumia Masisi na Walikale

Ramani ya mtandaoni ikifunguka vizuri, watu husifu rangi zake, alama zake na picha yake ya setilaiti. Ni nadra asifiwe aliyesanidi proksi, yaani ile seva inayokaa mlangoni kama bawabu, ikapokea maombi ya vivinjari na kuyafikisha kwa seva ya ramani iliyofichwa nyuma yake. Lakini kwa mtu aliyeko Nyabiondo, wilayani Masisi, au Njingala, wilayani Walikale, anayeshika simu ya bei nafuu na kuhesabu megabaiti zake, kazi ya fundi huyo ndiyo inayoamua kama ramani itamsaidia au itabaki kuwa miraba ya kijivu.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba proksi bora hutambulika kwa kujua kipi kitunzwe mlangoni na kipi kisikae hapo hata saa moja. Kasi, ulinzi na usahihi vinapimwa kwa kipimo hichohicho. Anayetaka kukagua kazi ya fundi, awe mhariri wa tovuti, mkuu wa shirika au fundi mwenzake, na aanzie hapo.

Nani anaisoma ramani hii

Wilaya ya Masisi ina kilomita za mraba 4,734. Walikale ina 23,475 na ndiyo kubwa kuliko zote Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Masisi kuna Rubaya, ambako koltani, madini yanayotoa tantalamu, huchimbwa kwa mikono. Walikale kuna Bisie, mlima wa kasiteriti, madini yanayotoa bati. Tangu 2009 taasisi ya IPIS ya Antwerp, Ubelgiji, imekuwa ikikusanya taarifa za machimbo ya wachimbaji wadogo mashariki mwa Kongo na kuziweka kwenye ramani ya mtandaoni. Mwaka 2014 ulianza mradi wa Missing Maps, ulioanzishwa na Médecins Sans Frontières, Msalaba Mwekundu wa Uingereza na wa Marekani, pamoja na Humanitarian OpenStreetMap Team, ili vijiji na njia zisizokuwa kwenye ramani yoyote ziingizwe.

Wasomaji, basi, ni wa aina nyingi. Yupo muuguzi anayetafuta njia ya pikipiki kwenda kituo cha afya. Yupo afisa wa madini anayetaka kujua chimbo lipi limepewa alama ya kijani ya kuruhusiwa na lipi nyekundu ya kukataliwa. Yupo mnunuzi wa Ulaya ambaye, tangu tarehe 1 Januari 2021, sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka achunguze asili ya bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu anayoiingiza. Seva ni moja, na mlango wao wote ni mmoja.

Kipimo cha kwanza: anwani inayosema kweli

Anza na jaribio jepesi. Iombe seva ya ramani orodha ya matabaka yake kwa ombi la GetCapabilities, kisha soma jibu mstari kwa mstari. Ndani yake mna anwani ambazo programu kama QGIS itazifuata ili kuchukua picha. Usanidi ukiwa mbovu utakuta zimeandikwa http://localhost:8080/geoserver/wms. Hiyo ndiyo anwani ambayo seva inajijua kwayo humo ndani. Ikimfikia mtu wa mji wa Goma, kompyuta yake itajitafuta yenyewe, isipate kitu.

Fundi makini hutuma pamoja na kila ombi vichwa vya X-Forwarded-Host na X-Forwarded-Proto, na kwenye GeoServer, programu ya seva ya ramani, hujaza sehemu ya Proxy Base URL kwa anwani ya hadharani. Akisahau herufi moja tu, yaani akaandika http badala ya https, kivinjari kinaweza kuyazuia matabaka kwa kuwa ukurasa ni salama na picha zinaitwa kwa njia isiyo salama. Hapo ramani itafunguka, vitufe vitaonekana, ila tabaka la machimbo halitakuwapo, na msomaji ataamini kwamba hakuna machimbo. Kosa la namna hiyo ni baya kuliko ukurasa usiofunguka kabisa.

Angalia pia mkwaju (/) wa mwisho kwenye usanidi wa Nginx, programu ya proksi. Njia ya /ramani/ ikielekezwa kwa http://127.0.0.1:8080/geoserver bila mkwaju mwishoni, ombi la /ramani/wms linafika ndani likiwa /geoserverwms, njia isiyokuwepo. Fundi mzoefu huutazama mkwaju huo kabla ya kitu kingine chochote.

Kipimo cha pili: akiba

Hapa ndipo ustadi unapoonekana. Ramani za kisasa hukatwa vigae vya mraba, na kila kigae kina namba tatu: ngazi ya ukuzaji, safu ya mlalo na ya wima. Rubaya iko ndani ya kigae 12/2376/2065. Katika ngazi hiyo ya 12, karibu na ikweta, upande mmoja wa kigae ni kama kilomita 9.8, hivyo Masisi na Walikale kwa pamoja zinahitaji vigae 300 hivi, ukiacha vya pembezoni vinavyoingia wilaya jirani. Kila ngazi inayoongezeka huzidisha idadi mara nne. Ukifika ngazi ya 16 una vigae takriban 75,000, na hata kila kimoja kikiwa na kilobaiti 15, jumla ni gigabaiti moja na kidogo. Diski ya seva ya kawaida inaimudu bila shida. Kwa hiyo hakuna sababu ya seva kuchora upya mto Lowa kila mtu anapoutazama.

Vigae vya msingi, yaani vilima, mito na barabara, vinaweza kukaa kwenye akiba ya proksi kwa majuma. Ukivichukua kutoka OpenStreetMap, kanuni zao zinakutaka uheshimu muda uliotajwa kwenye vichwa vya majibu yao, na pale ambapo haukutajwa, utunze kwa siku 7 au zaidi. Zinakataza pia kuvipakua kwa jumla. Fundi anayeziheshimu kanuni hizo anawapunguzia mzigo wengine na anamharakishia msomaji wake.

Tabaka la machimbo ni habari nyingine. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliingia Rubaya. Januari 2025 waliutwaa mji wa Masisi. Machi 2025 kampuni ya Alphamin, yenye mgodi wa Bisie, ikasimamisha kazi, na waasi wakafika Walikale mjini. Aprili waasi wakaondoka mjini na mgodi ukaanza tena. Fikiria tabaka linaloonyesha nani yuko wapi, limewekewa akiba ya siku 30 kwa kuwa fundi alinakili mistari ileile ya vigae vya msingi. Msomaji wa mwezi Machi angekuwa akitazama hali ya Februari bila kujua.

Kwa hiyo dai usanidi tofauti kwa kila tabaka. Vigae vya msingi vipewe muda mrefu, na proksi iruhusiwe kutoa nakala ya zamani seva ya nyuma inapozimika, kwa maana mlima hauhami. Tabaka la machimbo lipewe dakika chache, au proksi iulize kila mara kama kuna mabadiliko, ijibiwe 304 pale ambapo hakuna. Nakala ya zamani ya tabaka hilo itolewe kwa sharti moja tu: tarehe ya taarifa ionekane kwenye ramani yenyewe, kando ya kila chimbo. Bila tarehe, ni heri msomaji aambiwe kwamba taarifa hazipatikani.

Jambo la pili la akiba ni kujua kama ombi hurudiwa. Ombi la WMS, huduma ya kuchora picha za ramani, linaweza kutaja mipaka yoyote ya picha. Msomaji akisogeza ramani kidogo tu, mipaka inabadilika na akiba haina msaada. Maombi ya vigae yana mipaka isiyobadilika, kwa hiyo watu mia wanaotazama Rubaya huomba kitu kilekile. Tena, Nginx hutambua ombi kwa maandishi yake kamili. Programu moja ikiandika BBOX na nyingine bbox, picha ileile itahifadhiwa mara mbili. Proksi nzuri hunyoosha maombi kwanza, ndipo huyatunza. Na watu wengi wakiomba kwa pamoja kigae ambacho bado hakijatunzwa, hupeleka ombi moja tu nyuma na kuwasubirisha wengine kidogo. Kwenye Nginx kazi hiyo hufanywa na proxy_cache_lock.

Kipimo cha tatu: umbali

Baadhi ya zahanati na ofisi za vijijini hutegemea setilaiti zilizo juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ujumbe ukipanda, ukashuka, na jibu likarudi njia hiyohiyo, karibu nusu sekunde imepotea, na hakuna seva ya bei yoyote inayoweza kuirudisha. Mkaguzi hupima, basi, idadi ya safari hizo. Kufungua muunganisho mpya wenye ulinzi wa TLS 1.2 hadi jibu la kwanza ni safari nne, sawa na sekunde mbili hivi; TLS 1.3 huondoa safari moja. HTTP/2 hupitisha vigae vyote kwenye muunganisho mmoja. Matabaka yote yakitoka kwenye jina moja la kikoa, muunganisho huo hutosha, na kivinjari hakina haja ya kuomba ruhusa ya kuvuka kutoka kikoa kimoja kwenda kingine. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aweke proksi.

Angalia na ubanaji wa data. Kwa kawaida Nginx hubana maandishi ya text/html pekee. Fundi akiwasha gzip asitaje application/geo+json, orodha ya machimbo itasafiri na uzito wake wote. Vigae vya PNG, kwa upande mwingine, vimekwisha kubanwa. Kuvibana tena ni kuichosha seva bure.

Kipimo cha nne: ulinzi usiomwonea msomaji

Kinachofaa kupita mlangoni ni huduma za ramani tu. Ukurasa wa msimamizi wa GeoServer usifunguke kutoka nje, wala poti 8080 isionekane. Julai 2024 ulitangazwa udhaifu CVE-2024-36401, uliomwezesha mtu asiye na nywila kuendesha amri zake kwenye seva ya GeoServer. Udhaifu huo ulipitia maombi ya kawaida ya ramani, kwa hiyo kufunga ukurasa wa msimamizi hakutoshi: programu isasishwe, na proksi ikatae aina za maombi ambazo tovuti haizitumii. Kadhalika, proksi isikubali kupelekwa kwenye anwani yoyote ambayo mgeni ameiandika. Orodha ya seva inazozifikia iwe fupi na iandikwe kwa majina.

Ila kuna ulinzi unaodhuru. Mafundi wengi huweka kikomo cha maombi kwa kila anwani ya IP. Kwenye mitandao ya simu, wateja wengi hutoka nje kwa anwani moja. Kikomo kilichowekwa kwa mazoea ya Ulaya kinaweza kuwafungia wasomaji wengi wa mji wa Sake kwa sababu ya mmoja wao aliyesogeza ramani kwa haraka. Vigae vilivyomo kwenye akiba havigharimu kitu, basi viachwe huru. Kikomo kiwekwe kwenye maombi yanayofika seva ya nyuma.

Kipimo cha tano: daftari

Kila proksi huandika logi: nani aliomba nini, lini. Kwenye tovuti ya mapishi hilo si jambo zito. Hapa, mstari wenye anwani ya IP na kigae 12/2376/2065 unasema kwamba mtu fulani, saa fulani, alikuwa akiichunguza Rubaya. TLS huficha njia hiyo kwa walio njiani, lakini logi huihifadhi wazi. Proksi ya heshima hufuta tarakimu za mwisho za anwani kabla ya kuandika, hutunza logi kwa siku chache, na seva yake haiwekwi mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuja kuibeba. Swali hili mkaguzi aliulize kwa sauti, kwani mafundi wazuri wengi hulisahau.

Ukaguzi wa dakika kumi

Huhitaji kuwa fundi. Soma GetCapabilities na utafute neno localhost. Tumia curl -I kuomba kigae kimoja mara mbili: kama fundi ameweka kichwa kinachoonyesha hali ya akiba, mara ya pili kiseme HIT. Fanya hivyo kwa tabaka la machimbo na usome Cache-Control. Ukikuta muda uleule wa vigae vya msingi, umepata kosa. Jaribu kufungua /geoserver/web ukiwa nje, usipokee chochote. Punguza kasi ya kivinjari hadi 3G na uhesabu sekunde kabla jina la kijiji cha kwanza halijasomeka. Mwisho, muulize fundi logi zinakaa kwa muda gani. Asiyekuwa na jibu la haraka, bado hajalifikiria.

Ramani ikifaulu vipimo vyote isipokuwa kasi, itumie huku ukidai irekebishwe. Ikishindwa kipimo cha akiba ya tabaka la machimbo, iondoe hadharani leo hii mpaka itengenezwe, maana wapo watu Masisi na Walikale wanaopanga safari kwa kuitazama.