Ustadi wa Lucas na Namba Tasa ya Tarakimu 39

Namba 170141183460469231731687303715884105727 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa kifupi huandikwa 2¹²⁷ − 1. Mfaransa Édouard Lucas alitangaza mwaka 1876 kuwa ni namba tasa, na hadi leo ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizothibitishwa kwa mkono, bila msaada wa mashine.

Namba za umbo hili hubeba jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyetoa mwaka 1644 orodha ya vipeo vya 2 vinavyozaa namba tasa. Mersenne aliweka vipeo 67 na 257 visivyostahili, akaacha 61, 89 na 107 vinavyostahili. Kuhusu 127 alipatia, lakini hakuacha uthibitisho.

Kuutafuta uthibitisho huo kwa kujaribu vigawo kimoja kimoja ni kazi isiyo na mwisho: hata mashine inayojaribu vigawo bilioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 400. Ustadi wa Lucas ulikuwa kuachana kabisa na vigawo.

Kanuni yake inafaa pale ambapo kipeo ni namba tasa ambayo ikigawanywa kwa 4 hubaki 3. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba inayopimwa, kisha chukua baki na urudie hatua hizo. Kwa 2⁷ − 1, yaani 127, hupatikana 3, 7, 47, 48, 16, na mwisho 0. Sifuri ikitokea katika hatua ya tano, yaani kipeo kikitolewa 2, namba ni tasa. Isipotokea, si tasa. Kwa 2¹²⁷ − 1 hatua zinazohitajika ni 125 tu.

Hata hivyo, kila hatua hudai kuzidisha namba yenye tarakimu zinazokaribia 40. Hapa Lucas alitumia sifa nyingine: katika mfumo wa tarakimu 0 na 1, namba hii ni tarakimu 127 za 1 zilizopangwa mfululizo. Alieleza ubao mfano wa sataranji, wenye safu 127 kila upande. Kete mbili za safu moja hubadilishwa kuwa kete moja ya safu inayofuata, na kete inayovuka ukingo hurudi safu ya kwanza. Kugawanya kukawa kusogeza kete.

Namba ya Lucas ilibaki namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa miaka 75, hadi 1951. Mwanahisabati D. H. Lehmer aliirahisisha kanuni ya Lucas mwaka 1930, na kompyuta zinaitumia hata sasa: ndiyo iliyothibitisha 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, iliyotangazwa Oktoba 2024. Mashine zimeongeza kasi. Njia ni ile aliyoifungua Lucas.