Paa Kabla ya Ukuta: Ujenzi wa Nyumba ya Shamba Unguja

Apitaye katika mashamba ya Unguja na kuiona nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti aghalabu hudhani kwamba kuta zake ndizo zichukuazo paa, kama zilivyo kuta za mawe za mjini. Na kwa dhana hiyo wengi wameihukumu kuwa ni nyumba dhaifu. Walakini mafundi wake waliijenga kinyume cha hivyo: nguzo zilisimamishwa kwanza, paa likafuata, na kuta zikaja mwisho, paa likiwa limekwisha kuezekwa. Katika taratibu hiyo ndimo ilimo hekima yote ya nyumba hii, kwa kuwa adui wa udongo ni maji, na fundi hakuthubutu kuukandika kabla hajauwekea kinga.

Nguzo, zilizo bora zikiwa za mikoko kwa ugumu wake, zilichimbiwa ardhini na kushindiliwa. Zile ndefu za katikati, zenye panda kichwani, zilipokea mwamba, yaani boriti ya kileleni. Zile fupi za kandoni zikapokea mtambaapanya, yaani boriti ya kandoni. Na baina ya hivyo viwili yakalazwa makombamoyo, yaani miti ya mteremko wa paa, kisha fito juu yake, zikipita kwa mapana. Viungo vyote vilifungwa kwa kamba ya makumbi pasipo msumari hata mmoja. Kamba hiyo ina kazi ndefu nyuma yake: makumbi hufukiwa ufukweni kwa miezi kadhaa hata nyama yake ioze, ndipo wanawake huyafukua, wakayatwanga kwa magongo, wakayaosha na kusokota usumba uliobaki. Kifungo chake hukubali kunyumbuka kidogo upepo wa kusi uvumapo, kisha kikarudi mahali pake.

Makuti ya kuezekea ni ya viungo, yaani majani ya mnazi yaliyokunjwa juu ya ufito mwembamba na kushonwa, mbali na yale ya kumba yasukwayo kwa ajili ya ua. Mwezekaji huanza chini, upenuni, akapanda kuelekea kileleni, kila safu ikiilalia ya chini yake kwa sehemu kubwa, hata tone la mvua likipata njia katika jani moja hupokewa na la pili na la tatu. Mteremko nao sharti uwe mkali, kwani maji yakaapo juu ya kuti huliozesha.

Paa likitimia, ndipo hufungwa fito za ukuta, safu ya nje na safu ya ndani, na baina yake hujazwa vijiwe. Udongo uliokandwa kwa miguu hutiwa na watu wawili waliokabiliana, mmoja nje na mwenziwe ndani, kila mmoja akiusukuma hata ukutane na wa mwenzake. Ukikauka hupasuka, na nyufa hizo si ila, bali huushika udongo mwororo wa mkono wa pili. Juu ya ukuta huachwa nafasi chini ya paa, ipitishayo hewa. Chini, baraza, pamoja na kuwa kikao cha wageni, huukinga mguu wa ukuta na maji yarukayo kutoka ardhini.

Mabanda ya uani yafuata kanuni iyo hiyo. Jiko husimama mbali na nyumba kubwa, kwa kuwa cheche moja yatosha kuteketeza makuti. Na moshi wake haupotei bure, maana juu ya mafiga hujengwa uchaga, nafaka ikahifadhika humo na wadudu. Choo huwekwa pembeni ya ua. Huko kondeni, ulingo wa kuwingia ndege wabaki na nguzo na paa tu, ukuta hauna. Nao waonyesha waziwazi kwamba jengo lasimama kwa viungo hivyo viwili.

Faida yake ni kubwa: ukuta ukibomoka, paa halitikisiki, na mwenye nyumba hukandika tena upande ule peke yake. Leo wengi huezeka bati, nao wana udhuru wa haki, kwani makuti hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Lakini bati likikatwa sawasawa na ukuta ili kupunguza gharama, mvua ya masika huula udongo tangu msimu wa kwanza. Basi abadilishaye paa na apime kwanza upenu wa zamani, aurudishe kwa urefu ule ule, ndipo afikirie rangi na mapambo.