Niletee Ukoko Kwanza

Juzi arusini hapa Dar es Salaam wali wa nazi ulisifiwa mpaka nikaona haya mimi. Mweupe pe, umechambuka punje mojamoja, unang'aa. “Huyu mpishi fundi!” Fundi wa nini? Wali ule umepikwa kwa maji, ukarushiwa tui la kopo mwishoni, na mng'aro wake ni mafuta ya alizeti. Wali wa nazi haukuumbwa uchambuke vile. Pilau ndiyo kazi yake.

Nazi iwe nzee, ukiitikisa usikie maji. Koroma ni hasara, mbata inanuka mafuta ya nywele. Ikunwe kwa mbuzi, na mkunaji aache nyama kidogo kwenye kifuu: vile vidoa vya kahawia ndani ya wali ni kazi ya mtu mwenye haraka, au ya blenda, ambayo haijui kuacha. Mchele uwe wa Kyela au wa Ifakara. Basmati ni ya biriani. Iliki isitiwe; najua wako watakaobisha, wabishe.

Kasimile, lile tui zito la kwanza, ikae kando. Mchele uive kwa tui la pili, chumvi ikiwemo. Maji yakikaribia kukauka, kasimile imiminwe, wali ugeuzwe mara moja, ufunikwe, upaliwe makaa. Mara moja, nimesema. Anayegeuzageuza apike bokoboko.

Haya yote mtu anaweza kuyakariri. Asikotazama ni chini ya sufuria. Makaa ya juu yakishika, kasimile hukatika: mafuta huachana na maji, yakashuka katikati ya punje, na huko chini yakaukaanga wali taratibu. Ukoko wa haki, au matandu kwa ndugu zetu wa Mombasa, una rangi ya asali iliyokolea, sawasawa toka ukingoni hadi katikati. Unabanduka kwa upana wa kiganja, ukiuvunja unalia, na vidole vinabaki vinanukia nazi. Wali wa maji nao unashika chini, ila ukoko wake ni mkavu, mgumu, haunuki kitu. Wa tui la kopo una mabaka, hapa mweupe, pale mkaa, kwa sababu makopo mengi hutiwa vitu vya kulizuia tui lisikatike. Kwenye mchuzi tunapunga tui kwa upawa ili lisikatike. Kwenye wali tunataka likatike. Asiyeijua tofauti hiyo asinipikie.

Nilimjua mpishi mmoja wa Tanga, bingwa wa masufuria ya arusi. Akiitwa kuonja kazi ya mwenzake haombi kijiko, anaomba mwiko. Anachimba ukingoni, anatoa kipande cha ukoko, anakinusa, anarudisha mfuniko. Wali wenyewe haugusi. Akisema “mashaallah,” umepona. Akisema “mmejitahidi,” beba sufuria yako uende.

Matapeli nao wamejifunza. Kuna mgahawa mmoja wa ufukweni ambao siku hizi naukwepa: walikuwa wakikaanga kiporo cha wali kwa siagi ya mkebe mpaka kikauke, wakakiweka juu ya wali wa sufuria ya umeme, wageni wakapiga picha. Ukoko huo ulilia vizuri, lakini ulinuka siagi.

Kwetu ukoko ulikuwa ujira wa aliyekuna nazi. Wengine walilamba mwiko, na ngumi zilipigwa kwa ajili hiyo. Sasa masufuria hayashiki, gesi haina makaa ya kupalia, na watoto wanaletewa wali ulioanikwa kwenye sinia lenye nyanya za mapambo. Basi ukialikwa mahali ukasikia wali unasifiwa, ulizia ukoko. Wakikwambia haupo, umepikwa kwa ufundi hata haukushika, kula samaki.